Umebadilisha kontroli boksi, taimingi inakataa: ifunge kompyuta kwanza, ndipo ushike distribyuta

Swali la msomaji: "Nina Toyota yenye injini ya 4A-FE, ile ya distribyuta. Kontroli boksi lake (kompyuta ya injini) liliungua, nikapata jingine lililotumika. Soketi ziliingia bila shida na gari likawaka. Nikaazima taa ya taimingi, nikaweka digrii 10 kama kitabu kinavyosema, lakini gari likawa zito na ekzosi ikawa na joto la kutisha. Nikaamua kutumia sikio: nikazungusha distribyuta mpaka sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikatulia na resi ikapanda vizuri. Sasa gari ni jepesi, ila likipanda mlima linagonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Rafiki yangu anasema niachane na maboksi ya zamani, niweke kompyuta ya kuprogramu. Taimingi sahihi ni ipi, na naiwekaje?"

Ndugu yangu, hapo kuna makosa mawili, na la pili limekuja kuficha la kwanza. Namba 10 ya kitabuni haina tatizo. Kilichokosekana siku ile ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole, na nitakifikia.

Kwenye injini yako distribyuta haipangi taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, peke yake. Ndani yake kuna magurudumu madogo ya meno yanayopita mbele ya sensa za sumaku, na kila jino likipita, kompyuta inapata mpigo mmoja. Kwa mipigo hiyo inakisia pistoni iko wapi, inaangalia hewa inayoingia, joto la maji na kasi ya mzunguko, kisha inaamua moto uwahi kwa digrii ngapi. Nimeandika "inakisia" kwa makusudi. Kompyuta haijawahi kuiona pistoni hata siku moja, inaona jino tu. Ukizungusha distribyuta umelihamisha jino, lakini kompyuta inaendelea kuamini kwamba jino liko pale pale lilipowekwa kiwandani.

Kwa hiyo unachokiona kwenye puli ya kranki ukimulika taa ni jumla ya vitu viwili: taimingi ya msingi, ambayo ni mahali ulipoiweka distribyuta, na nyongeza ya kompyuta. Ile 10 ya kitabu ni ya msingi peke yake. Tuseme kwenye sailensa boksi lako linataka moto utoke digrii 16 kabla ya topu (pistoni ikiwa juu kabisa), yaani 10 za msingi na 6 zake. Ulimulika, ukaona 16, ukadhani imezidi, ukarudisha distribyuta mpaka alama ikasoma 10. Msingi umebaki 4. Na zile 6 hazikuondoka kwenye sailensa tu. Zimeondoka kwenye kila mzunguko na kila mzigo, mlimani na tambarare. Moto ukichelewa namna hiyo, mchanganyiko unakuwa bado unaungua wakati pistoni imeshashuka na vali ya kutolea moshi inaanza kufunguka. Joto ambalo lingesukuma pistoni linatoka na moshi, ndiyo maana ukapata uzito na ile ekzosi ya kutisha.

Kisha ukatumia sikio. Mafundi wengi tulianza hivyo na silidharau, ila kwa sailensa sikio linadanganya. Injini isiyo na mzigo inavuta hewa kidogo, na hewa kidogo inaungua polepole, kwa hiyo ukiwahisha moto inafurahi: mzunguko unapanda, mtetemo unapungua, sikio linasema tayari. Mlimani mambo yanageuka. Silinda inajaa hewa, uunguaji unakwenda kasi, na moto uliofaa sailensa sasa umewahi mno. Injini nyingi hutoa nguvu yake vizuri shinikizo likifika kilele pistoni ikiwa imeshapita topu kwa digrii 12 hadi 17 hivi. Kilele kikija mapema, mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupashwa joto mpaka unalipuka wenyewe. Hiyo ndiyo misumari yako. Ikiendelea inavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, kwa hiyo gari lisiguse mlima mpaka umalize kazi hii.

Sasa ule waya. Ukifungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Chini ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Unataka mawili tu: TE1 na E1. Kwenye matoleo ya zamani TE1 huandikwa T peke yake. Soma ramani mara mbili kabla ya kuchomeka chochote, kwa sababu humo humo kuna tundu la umeme wa betri, na boksi moja limeshaungua tayari. Ukiyaunganisha hayo mawili unaiambia kompyuta iache nyongeza zake na itoe moto kwenye taimingi ya msingi. Kuanzia hapo taa inasoma distribyuta, haisomi mawazo ya kompyuta.

Washa injini ipate joto lake la kawaida la kazi, zima eesii, taa na kila kinachokula umeme, hakikisha sailensa iko karibu na 800 kwa dakika. Bana kishikio cha taa kwenye waya wa plagi namba moja, upande wa mkanda wa taimingi, mshale ukielekea plagi. Kama taa yako ina kirungu cha kuongeza digrii, kiweke sifuri. Safisha mkato wa puli kwa brashi ya waya na uupake chokaa au rangi nyeupe, usiwe unamulika giza. Na tahadhari kidogo: mwanga wa taa hii unafanya puli na feni zionekane zimesimama. Hazijasimama. Tai, mikono mirefu ya shati na waya za taa yenyewe vikae mbali.

Chomeka waya kati ya TE1 na E1. Taa ya cheki injini kwenye dashibodi itaanza kumeta, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Mulika puli. Legeza boliti za distribyuta kiasi cha kuizungusha kwa nguvu ya mkono. Ukiizungusha kinyume na mwendo wa roto (kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta) unawahisha moto, ukiifuatisha roto unauchelewesha. Mkato ukikaa kwenye 10, kaza, kisha mulika tena, maana distribyuta hupenda kusogea wakati wa kukaza.

Kabla hujaamini hiyo 10, fanya jaribio moja ambalo wengi hawalifanyi. Mulika huku msaidizi wako anachomoa na kuchomeka waya. Waya ukiwemo, alama inatakiwa isimame kama imechorwa. Waya ukitoka, alama iruke kwenda upande wa kuwahi na ianze kuchezacheza kidogo, kwa sababu kompyuta imerudi kazini. Alama isipobadilika kabisa, basi kompyuta haikufunga, na ulichoweka si taimingi ya msingi.

Hapa ndipo boksi la kubadilisha linapowatesa watu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Toyota wa kipindi kile hawafungi taimingi kwa waya wa TE1 peke yake. Kompyuta inataka pia iambiwe kwamba mguu haujakanyaga mafuta, na habari hiyo inatoka kwenye sensa ya throto, pini ya IDL. Sensa hizo ziko za aina mbili. Ya kwanza ni swichi tu, ina pini tatu: IDL, PSW na ethi. Ya pili ina pini nne: VC, VTA, IDL na E2, na ndani yake kuna rizista inayoeleza throto imefunguka kiasi gani. Boksi lililozoea moja ukiliunganisha na gari lenye nyingine, soketi zitaingia, gari litawaka, na bado halitajua mguu wako uko wapi. Chukua mita, ipime IDL na ethi ya sensa: throto ikiwa imefungwa, mita ilie; ukiifungua kidogo tu, inyamaze. Sensa ikiwa nzima na taimingi bado haifungi, fuata waya wa IDL mpaka kwenye soketi ya boksi. Uwezekano ni mkubwa kwamba kwenye boksi jipya pini hiyo ina kazi nyingine.

Jambo la pili ni meno. Soketi kufanana si ushahidi wa chochote. Toyota walitengeneza distribyuta ambazo gurudumu lake la NE, la kupima mzunguko, lina meno 24, na nyingine ambazo lina meno 4. Kwa kuwa distribyuta inazunguka nusu ya kasi ya kranki, meno 24 ni mpigo mmoja kila digrii 30 za kranki, na meno 4 ni mpigo mmoja kila digrii 180. Kompyuta inayotarajia meno 24 ikipewa 4 haitasoma mzunguko sawasawa, na hutairekebisha kwa kuzungusha chochote. Gari lako linawaka na linatembea, kwa hiyo sidhani kama ndilo tatizo lako, lakini fungua kifuniko cha distribyuta uhesabu. Ni dakika tano. Halafu linganisha namba iliyobandikwa kwenye boksi lililoungua na ya hili jipya, herufi kwa herufi. Zikitofautiana mwishoni tu, bado ulizia hilo jipya lilitoka kwenye gari lenye gia za mkono au za otomatiki, na injini ipi hasa. Boksi la 4A-GE si la 4A-FE, hata kama muuzaji anaapa.

Joto la maji nalo lisikupite. Kompyuta ikidhani injini ni baridi inabadilisha mafuta, sailensa na taimingi pia. Chomoa soketi ya sensa ya maji inayokwenda kwenye kompyuta, si ile ya geji, upime ukinzani wake. Kwenye digrii 20 za Selsiasi tarajia kilo-omu 2 hadi 3, na kwenye 80 tarajia kilo-omu 0.2 hadi 0.4. Nje ya hapo badilisha sensa kabla ya kuendelea kuhangaika na distribyuta.

Ipo hali nyingine ya kuangalia wakati unaweka ile 10. Tundu refu la boliti ya distribyuta linakuambia mengi. Injini iliyofungwa sawasawa hufika kwenye taimingi yake boliti ikiwa katikati ya tundu au karibu na hapo. Ukilazimika kuisukuma distribyuta mpaka ukingoni ndipo mkato usome 10, usikaze ukashangilia. Distribyuta inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo mkanda wa taimingi ukiwa umeruka jino, unaweza kabisa kulifidia kwa kuzungusha distribyuta. Taa itasema 10 safi huku vali zinafunguka wakati wake si huo. Fungua kifuniko, linganisha alama za mkanda, ndipo urudi.

Na alama ya puli yenyewe uliithibitisha? Puli nyingi za kranki ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa raba. Raba ikizeeka, duara la nje linateleza na mkato unahama nalo. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwenye injini iliyogonga ikiwekwa "10" na kuwa tamu ikiwekwa "2". Nilibadilisha plagi, nikatafuta hewa inayovuja, nikamlaumu aliyeuza mafuta. Jioni ndipo nilipochomoa plagi ya kwanza na kukuta pistoni iko topu wakati mkato unasema imeshapita. Puli ilikuwa imeteleza digrii kama 8. Ile "2" niliyoiona tamu ndiyo ilikuwa 10 ya kweli.

Kuithibitisha hakuhitaji mashine. Chomoa plagi zote. Tafuta plagi mbovu, itoe kaure, ufunge boliti iliyochongwa kichwa kikawa mviringo ili iizuie pistoni kabla haijafika juu. Ifunge kwenye silinda ya kwanza. Zungusha kranki kwa spana, polepole, usitumie stata hata kidogo, mpaka pistoni iguse. Weka alama kwenye puli mbele ya sifuri ya kifuniko. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Topu ya kweli ni katikati ya alama hizo mbili. Bisibisi ndani ya tundu la plagi haitoshi, kwa sababu karibu na topu kranki inaweza kuzunguka digrii kadhaa na pistoni isionekane kusogea. Ukitaka kujichorea digrii zako, pima kipenyo cha puli. Yenye milimita 150 ina mzingo wa milimita 471, kwa hiyo digrii moja ni milimita 1.3, na digrii 10 ni milimita 13. Unaona jinsi kosa la unene wa chokaa linavyoweza kuwa digrii nzima.

Wanaosoma hapa wakiwa na gari nyingine wajue kila kampuni ina mlango wake wa kufunga kompyuta. Honda za miaka ya 1990 zina soketi ndogo ya waya mbili ndani ya gari, na injini nyingi za familia ya B zinawekwa digrii 16. Mazda MX-5 ya kwanza inaunganishwa TEN na GND, digrii 10. Ford za mfumo wa EEC-IV unachomoa kiunganishi cha SPOUT, na nyingi pia ni 10. Ukihamisha kompyuta kutoka gari moja kwenda jingine, mlango unaoufuata ni wa kompyuta iliyomo sasa.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Kompyuta ya kuprogramu si mbaya, ila haikuondolei kazi hii, inakuongezea. Boksi la kiwandani lina angalau uhakika wa jino liko wapi. La kuprogramu linakuuliza wewe. Ndani ya programu kuna mahali pa kuandika jino liko digrii ngapi kutoka topu, na pengine kuna mahali pa kufunga taimingi. Ifunge kwenye 10, mulika puli, na taa ikisoma 14 badilisha namba ya jino mpaka puli na skrini ziseme kitu kimoja. Usiguse ramani ya moto (jedwali la digrii za moto kwa kila mzunguko na mzigo) kabla ya hapo. Nimeona watu wanapunguza digrii kwenye ramani nzima kutibu kosa la jino, kisha wanashangaa kwa nini ramani waliyopewa na mwenzao mwenye injini ile ile haiwafai.

Ukishalinganisha kwenye sailensa, bado nusu ya kazi. Acha imefungwa kwenye 10, piga resi taratibu mpaka 3000, hata 4000, huku unamulika. Alama isisogee. Ikitembea kuelekea kuchelewa kadri mzunguko unavyopanda, kuna ucheleweshaji mahali fulani. Hesabu yake ni rahisi: kwenye 900 kranki inakwenda digrii 5,400 kwa sekunde, kwenye 6000 inakwenda 36,000. Ucheleweshaji wa sekunde moja ya elfu kumi ni nusu digrii pale chini, hauuoni, lakini kule juu ni digrii 3.6. Mara nyingi chanzo ni waya mbili za sensa ya sumaku zilizogeuzwa. Sensa inasoma hata hivyo, ila inashika mteremko mlegevu wa mawimbi badala ya ule mkali. Zigeuze, rudia kulinganisha, piga resi tena. Jaribio hili huliwezi kwa boksi lako la Toyota, kwa kuwa ukikanyaga tu mafuta IDL inakatika na kufuli linafunguka.

Jingine la kuangalia mapema ni upande wa mpigo unaowasha koili. Kwenye Toyota waya wa IGT ukipanda koili inaanza kujazwa, ukishuka plagi inawaka. Programu ikiwekwa kinyume, moto unatoka mwanzo wa kujaza badala ya mwisho. Kama kujaza ni milisekunde 3, moto unawahi kwa digrii 16 kwenye mzunguko wa 900, na kwa digrii 108 kwenye 6000. Injini inaweza kukubali kuwaka hivyo, ikirudisha mapigo ya ajabu, na koili inachemka ndani ya dakika chache. Ukiishika koili baada ya kuwasha kidogo ukakuta haishikiki, zima kwanza.

Na ukihamishia sensa kwenye kranki, kama wengi wanaoweka kompyuta hizi wanavyofanya, jua kwamba kuanzia siku hiyo kuzungusha distribyuta hakubadilishi taimingi hata chembe. Kunahamisha ncha ya roto mbali na nguzo za kifuniko, moto unaruka umbali mrefu, injini inamisi ikiwa na mzigo na kifuniko kinaungua ndani. Watu huzungusha, wakaona taa haisogei, wakazungusha zaidi.

Kwa sasa baki na boksi ulilonalo. Hakikisha IDL, thibitisha topu, funga kwa TE1 na E1, weka 10, chomoa waya. Kisha tafuta mlima mfupi, gia ya tatu, mzunguko wa chini, kanyaga kwa sekunde mbili tatu ukisikiliza. Kama bado linagonga na msingi ni 10 ya kweli, distribyuta haina kosa tena: angalia plagi kama ni za joto sahihi, mafuta kama yana okteni inayotakiwa, injini kama inachemka, na mchanganyiko kama umekosa mafuta kwa sababu ya hewa inayovuja au nozeli iliyoziba. Vyote vikiwa sawa, hapo nitaanza kulishuku boksi lenyewe, na ningependa unitumie zile namba mbili, ya lililoungua na ya hili.